Habari za Bomba Lisiloonekana kwa Macho

Msafiri atokaye bara kwa barabara ya Morogoro, akiisha kupita Kibaha na Kibamba, hufika Mbezi Luis, katika Wilaya ya Ubungo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Hapo pana kituo kikubwa cha mabasi kiitwacho kwa jina la Rais Magufuli, kilichofunguliwa mwezi wa Februari mwaka 2021. Watu ni wengi, kelele ni nyingi, na kila mwenye kitu cha kuuza hutafuta mahali pa kukitandaza. Mmoja huuza maji ya kunywa, mwingine karanga, mwingine makaa, na wengine huuza machungwa, kama yale yatokayo Muheza katika Mkoa wa Tanga.

Mtu atazamaye vizuri ataona kwamba muuza machungwa hayamwagi ovyo mezani. Huweka matatu chini yakigusana, kisha la nne huliweka juu, katika bonde lililofanywa na yale matatu. Hilo ndilo fungu. Akiwa na meza kubwa hujenga fungu kubwa zaidi, na kila chungwa hukaa katika bonde la wenzake. Hakuna aliyemfundisha hesabu ya jambo hili. Machungwa yenyewe ndiyo yaliyomfundisha, kwa kuwa yakiwekwa vinginevyo hubingirika yakaenda chini ya magurudumu ya mabasi. Katika fungu kubwa lililopangwa hivyo, chungwa lililo katikati huguswa na wenzake 12: sita kulizunguka, matatu chini yake, na matatu juu yake.

Lakini mambo hubadilika machungwa yale yakitiwa mahali pembamba. Fikiri bomba la plastiki, kama lile ambalo mafundi hulitumia kupitishia maji machafu ya nyumba. Bomba likiwa la inchi 3, na kila chungwa likiwa na upana wa sentimeta 7, machungwa yatashuka moja moja na kukaa kwa mstari, moja juu ya jingine. Na kila moja litaguswa na mawili tu, la juu na la chini. Bomba likiwa la inchi 4, chungwa la kwanza litaegemea upande wa kulia, la pili upande wa kushoto, la tatu kulia tena, mfano wa nyayo za mtu atembeaye mchangani. Bomba likizidi upana kidogo kidogo, mstari ule huanza kujisokota kama kamba ya minazi. Na likifika inchi 6, machungwa hukaa matatu matatu, na kila tabaka hugeuka kidogo ili likae katika mabonde ya tabaka la chini.

Machungwa ni yale yale ya Muheza; hakuna lililokua wala kusinyaa. Kilichobadilika ni nafasi. Wenye elimu wa siku hizi wameona kwamba chembe za vitu hufanya mambo yanayofanana na haya, zikitiwa katika mabomba membamba kuliko kitu chochote kiwezacho kuonekana kwa macho. Na zikibadili mpango wao, tabia zao hubadilika pia, hata maji yakaweza kugandamana mahali penye joto ambalo chungu cha jikoni kingekuwa kinatokota.

Kila kitu duniani, maji ya kisimani, chumvi ya mboga, makaa ya jikoni, kimefanywa kwa chembe ziitwazo atomu. Atomu zilizoungana pamoja huitwa molekuli. Molekuli ya maji, kwa mfano, ni atomu moja ya oksijeni iliyoshikwa na atomu mbili za haidrojeni. Chembe hizi ni ndogo mno, na kuzipima kwa milimeta ni kama kupima punje ya mchanga kwa kamba ya kupimia shamba. Kwa hiyo hutumiwa kipimo kiitwacho nanometa. Milimeta moja ikigawanywa katika sehemu milioni moja, sehemu moja ndiyo nanometa. Unywele wa kichwa cha mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Molekuli ya maji haifiki hata nusu ya nanometa moja.

Sasa habari za bomba lenyewe. Gunia la makaa lisimamalo kando ya barabara limejaa kitu kiitwacho kaboni, na kaboni ina ajabu yake, kwa kuwa atomu zake huweza kushikana kwa namna nyingi. Katika almasi, kama zile zichimbwazo Mwadui karibu na Shinyanga, kila atomu imeshikwa na nyingine nne pande zote, ndiyo sababu almasi ni ngumu kuliko mawe mengine. Katika kalamu ya risasi (ambayo, ijapokuwa jina lake ni hilo, haina risasi hata chembe) kila atomu imeshikwa na nyingine tatu, zikafanya shuka nyembamba zenye matundu ya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Shuka hizo huteleza moja juu ya nyingine, na hiyo ndiyo sababu kalamu huacha alama juu ya karatasi. Katika makaa, vipande vya shuka hizo vimekunjamana bila taratibu, vikaacha mapango mengi madogo.

Sasa fikiri shuka moja ya namna hiyo imekunjwa kama mkeka, na kingo zake mbili zimeungana barabara hata pasionekane mshono. Hapo hupatikana bomba, nalo huitwa nanotyubu ya kaboni. Mwaka 1991, huko Japani, Sumio Iijima alikuwa akitazama kwa hadubini ya elektroni masalio ya kaboni yaliyochomwa kwa cheche kubwa ya umeme. Ndani yake akaona vitu virefu kama sindano, na alipozidi kutazama akatambua ya kuwa ni mabomba, moja ndani ya jingine. Kwa haki, yapasa kusema kwamba Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikwisha kuchapisha picha za mabomba ya kaboni mwaka 1952. Lakini waliandika kwa Kirusi, na wengi wa nchi nyingine hawakuisoma habari yao. Mwaka 1993 yalipatikana mabomba yenye shuka moja tu, ambayo mengi yana upana wa nanometa 1 au 2. Haya ndiyo yafaayo kwa habari iliyopo hapa.

Mara walipopata bomba, watu walitaka kujua kama kitu kingine chaweza kuingia ndani yake. Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, walionekana wageni wa kwanza waliojipanga vizuri. Wageni hao walikuwa molekuli za duara, kila moja ikiwa na atomu 60 za kaboni zilizoshonwa mfano wa mpira wa miguu. Molekuli hiyo iligunduliwa mwaka 1985, nao Kroto, Curl na Smalley walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1996. Katika bomba lenye upana wa nanometa 1.4 hivi, mipira ile ilikaa kwa mstari mmoja, kama kunde ndani ya ganda lake. Baadaye, mwaka 2004, ilionekana kwamba katika mabomba mapana zaidi mipira hiyo huenda kulia na kushoto, au hukaa miwili miwili. Muuza machungwa wa Mbezi Luis asingestaajabu.

Chumvi nayo ilijaribiwa. Iko chumvi iliyofanywa kwa potasiamu na iodini. Katika hali yake ya kila siku atomu zake hupangwa kama matofali katika ukuta mnene: kila atomu ya potasiamu ina jirani sita za iodini, na kila ya iodini ina jirani sita za potasiamu. Wataalamu wa Cambridge na Oxford, miongoni mwao Jeremy Sloan, waliiyeyusha chumvi hiyo kwa moto mkali pamoja na mabomba ya kaboni. Mabomba yakainyonya, kama utambi wa taa unyonyavyo mafuta, nayo ikaganda humo ndani. Mwaka 2000 walitoa picha zilizoonyesha atomu zake moja moja. Katika bomba la nanometa 1.6 palikuwa na nafasi ya atomu tatu kwa tatu, kama nguzo ya mraba. Atomu ya katikati ya nguzo bado ina jirani sita, lakini zile za kando zina tano, na zile za pembeni zina nne tu. Katika bomba la nanometa 1.4 nguzo ilikuwa ya mbili kwa mbili, na humo kila atomu imebaki na jirani nne, kwa maana hakuna hata moja isiyokaa pembeni. Atomu zilizopungukiwa jirani hazikai kwa umbali ule ule wa kwanza. Husogea, na nguzo nzima ikawa imevutwa kidogo upande. Kwa hiyo tofauti ya sehemu mbili za kumi za nanometa imefanya chumvi moja kuwa na miili miwili.

Hapa ni lazima kusema mahali ambapo mfano wa machungwa unakosa kufaa. Machungwa hayapendani wala hayachukiani. Yakiachwa hukaa kimya. Atomu na molekuli huvutana, na kuta za bomba huzivuta pia, kwa kuwa mgeni aliye ndani ya bomba jembamba amezungukwa na kaboni pande zote. Tena molekuli hazitulii kamwe. Hutetemeka na kusukumana daima, na joto likizidi hutetemeka zaidi. Kuganda maana yake ni kwamba mvutano umeshinda mtetemeko, na kila moja imeshika mahali pake.

Habari ya maji kuganda ina jina la Mtanzania ndani yake. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, upande wa Lushoto. Wavulana wa shule walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyaweka katika friji. Siku moja nafasi ya friji ilikuwa haba. Mwenziwe mmoja akatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, alipoona nafasi itakwisha, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu akaenda kutazama, akakuta yake yameganda, na ya mwenziwe bado. Akamwuliza mwalimu sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote.

Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Mkwawa kusema na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya wote, na wenziwe wakacheka. Osborne alikuwa na mashaka, lakini hakumdharau. Aliahidi kwamba jambo hilo litajaribiwa. Lilijaribiwa huko chuoni, likatokea kama kijana alivyosema, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari yake pamoja. Chuo hicho kingaliko Mlimani, na mtu atokaye Mbezi Luis kwenda mjini hukaribia kilima chake akifika Ubungo. Kwa kweli shauri lenyewe halijaisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa wakasema hawakuona maji ya moto yakitangulia. Wengine wanashikilia kwamba hutangulia ikiwa hali fulani zimetimia. Maji, ambayo kila mtu hudhani anayajua, bado yanawashinda wakubwa.

Katika mwaka uo huo wa 2016 habari nyingine ya maji ilitoka Marekani, katika chuo kiitwacho MIT, kwa Michael Strano na wenzake. Lakini ili kuielewa, kwanza ifahamike barafu ya kawaida ilivyo. Molekuli ya maji ni kama mtu mwenye mikono minne. Katika barafu kila molekuli imeshikana na jirani nne, nao wamesimama mbali mbali kidogo, hata pakawa na nafasi tupu katikati yao. Ndiyo sababu barafu ni nyepesi na huelea juu ya maji. Katika maji yaliyo maji, mikono hushikana na kuachana mara nyingi mno kwa nukta moja.

Je, maji yakitiwa ndani ya bomba la kaboni, mikono minne itashika nini? Katika bomba lililo jembamba kabisa, lenye upana wa nanometa 0.8 hivi, mna nafasi ya molekuli moja tu kwa upana, kwa kuwa atomu za ukuta nazo zimechukua nafasi yao. Hesabu iliyofanywa kwa kompyuta mwaka 2001 na Gerhard Hummer na wenzake ilionyesha molekuli zikiingia kwa mstari, kila moja ikimshika aliye mbele na aliye nyuma, kama abiria wapandao basi kwa mlango mmoja. Ajabu ni kwamba zilikubali kuingia. Kaboni haipendi maji, na ilidhaniwa kwamba bomba litabaki tupu.

Katika bomba pana zaidi, mambo yanapendeza kuliko hayo. Mwaka 2001 Kenichiro Koga na wenzake walikokotoa kwamba molekuli zitajipanga katika pete, pete moja juu ya nyingine, kama pete za saruji zijengewazo kisima. Bomba likiwa jembamba, pete huwa na pembe nne au tano. Likiwa pana, pembe sita au saba. Na hapa ndipo penye siri. Katika pete, kila molekuli hushika jirani wawili walio katika pete yake, mmoja aliye katika pete ya juu, na mmoja aliye katika pete ya chini. Jumla ni nne. Mikono yote imepata mtu wa kumshika, ijapokuwa barafu hiyo haifanani na barafu yoyote ya mtoni wala ya mlimani Kilimanjaro.

Yutaka Maniwa na wenzake, huko Japani, waliitafuta barafu hiyo kwa mionzi ya eksirei, wakaiona. Katika habari yao ya mwaka 2005 walieleza kwamba bomba la nanometa 1.17 lilikuwa na pete za pembe tano, na bomba la nanometa 1.44 pete za pembe nane. Barafu ya pembe nane iliyeyuka kwenye baridi kali, kama digrii 83 chini ya sifuri. Ile ya pembe tano ilikaa bila kuyeyuka mpaka digrii 27 za joto hivi, yaani asubuhi ya kawaida ya Dar es Salaam. Desturi ya maji katika mianya midogo, kama ile ya udongo, ni kuganda kwa shida, na kadiri mwanya uwavyo mdogo ndivyo baridi itakiwavyo kuzidi. Ndani ya mabomba haya desturi imegeuka kinyume.

Sasa habari ya MIT. Watu hao walichukua mabomba marefu, moja moja, wakayaacha yajae maji, wakayamulika kwa leza. Bomba lililojaa hutetemeka kwa namna isiyo sawa na bomba tupu, na maji yaliyomo yakishikamana mtetemeko hubadilika tena. Kwa nuru irudiyo mabadiliko hayo huonekana. Katika bomba lenye upana wa nanometa 1.05, maji yalibaki yameshikamana mpaka joto la kati ya digrii 105 na 151. Katika bomba la nanometa 1.06 mpaka wake ulikuwa kati ya digrii 87 na 117. Katika chungu maji huchemka kwa digrii 100; ndani ya bomba hili yangali magumu. Tena mabomba hayo mawili yanatofautiana kwa sehemu moja ya mia ya nanometa, ambayo ni ndogo kuliko atomu moja. Wenyewe kwa uangalifu hawakuyaita barafu kabisa, bali kitu kilicho kama barafu, kwa sababu walikuwa hawajauona mpango wa molekuli zenyewe. Na vipimo vyao havipatani katika kila bomba na vile vya Wajapani: katika bomba la nanometa 1.44 wao waliona mabadiliko karibu na joto la nyumbani, si katika baridi kali. Nani aliyepima sawa, au kama wote wawili walipima vitu viwili tofauti, ni kazi ya wale watakaokuja.

Mtu aweza kuuliza faida ya haya yote kwa mkaaji wa Mbezi Luis, ambaye hana nanotyubu wala hadubini. Jibu limo katika ndoo yake. Maji ya mitaa mingi ya upande huu hutoka Mto Ruvu, nayo huja kwa mabomba makubwa yafuatayo barabara ya Morogoro kutoka Mlandizi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 Ruvu ilipungua sana kwa ukame, na maji ya jiji yakatolewa kwa zamu. Wenye visima walitumia visima, lakini maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, hasa upande wa pwani. Na bahari, ambayo haipungui, iko hapo hapo karibu, wala hakuna awezaye kuinywa.

Chumvi iliyoyeyuka katika maji haitembei uchi. Kila chembe yake imezungukwa na molekuli za maji zilizoishikilia, kama mtu aliyevaa koti nene. Ikifika kwenye mlango wa bomba jembamba haiwezi kuingia ila kwa kuvua koti lile, na kulivua kunahitaji nguvu nyingi. Molekuli ya maji haina koti la namna hiyo; hujipanga katika mstari ikapita. Mwaka 2017 watu wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, walitia vipande vifupi vya mabomba ya nanometa 0.8 katika utando wa mafuta. Maji yakapita kwa wepesi kuliko katika mabomba mapana, kwa sababu ya kule kwenda mmoja mmoja. Na kloraidi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi, ilizuiwa hata katika maji yenye chumvi kupita ya bahari.

Mwili wa mtu ulikuwa na hila hii tangu mwanzo. Katika figo mna vijia vidogo ambamo maji hupita mmoja mmoja, na vitu vingine huzuiliwa. Peter Agre alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuvigundua. Kila mwanafunzi anavyo, tena vinafanya kazi wakati huu asomapo. Kutengeneza vya kaboni ndiko kugumu. Ili kuchuja maji ya mtaa mmoja, yangetakiwa mabomba mengi yasiyo na hesabu, yote yakiwa na upana ule ule, yote yakisimama wima katika utando mmoja usiovuja. Mabomba yatengenezwapo leo hutoka yamechanganyika, membamba na mapana pamoja, na kuyachagua ni kazi ya gharama. Kwa hiyo ndoo za Mbezi Luis bado zinangoja Ruvu.

Mwanafunzi atakaye kuona kwa macho yake mpango wa mabomba haya, aombe kwa fundi mwashi kipande cha ule mpira mwangavu ambao mafundi huutia maji ili kupima usawa wa ukuta. Auzibe upande mmoja kwa kitambaa, kisha atie humo mbaazi kavu zilizo za duara, moja moja, akiutikisa kidogo kila mara. Kutikisa kule ni kama joto. Kama mpira unazidi upana wa mbaazi kwa kidogo tu, zitakaa kwa mstari. Kama unazidi zaidi, zitakwenda kulia na kushoto. Kisha atafute kitu kipana zaidi, chupa nyembamba ya dawa kwa mfano, atie tena, na kuhesabu kila mbaazi ya katikati inaguswa na ngapi. Aandike katika daftari upana wa bomba, na pembeni yake achore mpango aliouona. Akiutikisa mpira kwa nguvu mpango huharibika. Akipunguza polepole, hurudi.